Madame wa Doyen

Profesa wangu wa dini, ambaye pia alikuwa mkuu wa kitivo, doyen kama tunavyosema hapa ughaibuni kwa Kifaransa, hakukubali kusoma kazi ya mwanafunzi kimyakimya. Ilibidi usimame mbele ya meza yake uisome kwa sauti, yeye akiwa amefumba macho, mikono juu ya tumbo. Mara ya kwanza nilidhani amelala, nikaruka aya nzima kumjaribu. "Rudi," akasema, macho bado yamefungwa. Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nikatoka pale nimenuna, lakini Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza mlangoni kwake.

Tulimpenda, na tulikuwa na sababu. Kabla ya kuuliza kazi imefika wapi, aliuliza kama umekula. Karatasi zangu za ukaaji zilipokwama, alikuja kukaa nami kwenye foleni ya vibali karibu na kituo cha treni cha Gare du Nord asubuhi nzima, akisahihisha mitihani juu ya magoti. Na hakuwa mtu wa kujificha. Somo la kwanza kabisa alichelewa, akatuomba radhi: mume wake alikuwa amemfungia ndani bila kujua na kuondoka na funguo. Alisema "mume wangu", yeye mwanamume, kama mtu anavyosema basi limechelewa, kisha akafungua kitabu.

Nyumbani kwetu, mtaa wa Koekelberg, maneno hayo hayasemeki. Mama yangu ni mzaliwa wa Bukavu. Siku za kazi hutunza wazee, na Jumamosi mchana sebule yetu hugeuka chumba cha sala: akina mama sita, mamans tunavyowaita, Biblia sita, chupa ya chai. Watu kama profesa wangu, mama alishasema wasikanyage mlangoni kwake, wala anayewatetea. Tasnifu yangu ilihusu sala za mamans hao, nao waliniruhusu kuzirekodi. Siku moja niliwaambia kwamba mwalimu wangu ana huzuni, kwake kuna mgonjwa anayengoja upasuaji wa moyo.

"Ni madame yake?" mama akauliza.

"Ndiyo, maman," nikasema. Neno lilinitoka bila shida yoyote.

Basi wakamshikilia huyo madame. Jumamosi baada ya Jumamosi, miezi minne, walimwombea kwa machozi, wakafunga. Maman mmoja kutoka Evere akaota amemwona akitembea na gauni la bluu. Mgonjwa akapasuliwa, akapona, wakaimba hadi jirani akagonga ukuta. Nami nilinyamaza. Nilijiambia kwamba namkinga profesa na midomo ya watu, kumbe najikinga mwenyewe.

Njia ya mwongo ni fupi. Yangu iliishia ukurasa wa arobaini. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza yake, nasoma mbiombio sala zile nilizozitafsiri kwa Kifaransa, na kabla sijajizuia nikasikia sauti yangu mwenyewe: "Bwana, umkumbuke madame wa doyen, umpe moyo mpya."

Alifumbua macho. Hilo sikuwahi kuliona katikati ya ukurasa.

"Kumbe mume wangu amekuwa mke," akasema polepole. "Miaka kumi nilimtambulisha kanisani kama binamu yangu. Niliapa sitamficha tena."

Nilitamani ardhi inimeze. Nikaomba msamaha, nikasema mistari ile nitaifuta leo leo. Akatikisa kichwa.

"Ukiifuta, umewafuta na wao. Walimwombea mtu wangu miezi minne, na mimi sikujua hata kuwashukuru. Lakini sitakuambia uwaeleze ukweli. Ni mama yako, na ni wewe unayelala pale. Ukifukuzwa kwa sababu yangu, sitajisamehe." Akanisogezea sahani ya biskuti. "Umekula?"

Nililia pale pale, mdomo umejaa biskuti, na yeye akatazama dirishani mpaka nilipomaliza.

Jumamosi nikawasomea. Nilisimama katikati ya sebule jinsi alivyonizoesha, nikasoma ukurasa ule, kisha nikasema hakuna madame, ni mume, na nilijua tangu siku ya kwanza. Maman wa Evere akachukua koti lake akaondoka. Hajarudi mpaka leo. Wengine walitazama zulia. Mama alinitazama mimi.

"Quatre mois, miezi minne tunafunga," akasema. "Unatuacha tuseme bongo, tudanganye mbele ya Mungu. Juu ya nini, sababu gani?"

"Juu yako, maman. Nilijua utanifukuza."

Hakusema anakubali, na hadi leo hajasema. Alivua miwani, akaiweka juu ya Biblia, akafumba macho, na wenzake kwa mazoea wakainamisha vichwa.

"Seigneur," akaanza, kwa sauti ya chini ambayo si yake ya sala, "ule muntu tulikuwa tunakuambia ni madame, alors, ni bwana yake. Wewe ulikuwa unajua. Ulimuponyesha. Leo nakuomba kitu ingine. Mutoto yangu ananiogopa. Mimi mama yake, ananiogopa."

Tulingoja aendelee, ili tuseme amina, lakini hakuweza.