Balbu ya Vifaranga

Nakumbuka asubuhi moja ya ukungu hapa Roret, mwanangu, na bado naionea aibu. Nilikuwa nimeolewa mwaka huohuo, na nilijiona mjanja kuliko boma zima. Bonasi ya chai, yale malipo ya mwaka ya majani tuliyouza, ilipoingia, wenzangu walinunua mashuka na sufuria. Mimi nilinunua balbu mpya, zile zinazokula stima kidogo, nikapanda kiti na kung'oa za zamani zote, zile za kuchoma vidole. Nikazitumbukiza chooni, asije mtu akazirudisha.

Taa moja ilikuwa ndani ya kasha la vifaranga vya mama mkwe wangu. Ng'ombe wake alikuwa amekufa, na vifaranga vile thelathini alivilea akitumaini kuvibadilisha na ndama vikikua. Mimi niliona taa tu. Na baridi ya huku unaijua.

Kulipokucha nilimkuta amechutama kando ya kasha. Vifaranga vilikuwa vimerundikana kwenye kona moja, vimekufa. Vinne vilivyobaki alikuwa amevifunika ndani ya sweta yake.

Nilingoja matusi. Hakunitukana.

"Chebet," akasema, "hii balbu yako ni nzuri. Lakini umeuliza tu inakula stima ngapi. Ile ya zamani hujauliza ilikuwa inafanya kazi gani."

Akaenda zake jikoni kuviweka karibu na moto. Nililia shambani siku nzima, kikapu mgongoni, na yule ndama, mama mkwe alikuja kumpata baada ya miaka miwili.

Sasa umeniambia unataka kubadilisha taa zote za nyumba yako. Badilisha, mwanangu, sina wasiwasi hata kidogo. Zile nyingine nilizoweka zilitupunguzia bili, na mama mkwe mwenyewe aliniomba ya chumbani kwake. Anza na taa zinazokaa zikiwaka, ya jikoni na ya zizini. Ile ya stoo unayowasha kutafuta jembe, iache mpaka iungue yenyewe. Usidanganywe na balbu za bei ya kutupa. Nunua kwa mtu atakayekubali umrudishie ikiharibika. Na kabla hujaitoa ya zamani, sogeza mkono karibu nayo, halafu utazame kama kuna anayeota joto lake.

Mungu aibariki nyumba yako. Isikose mwanga, na chochote kilicho hai ndani yake kisilale na baridi.