Hatua Sitini na Nne

Wiki ile nilikuwa nimeipunguza suruali ya baba kwa mara ya pili ndani ya mwaka mmoja. Mimi ni fundi cherehani, na mteja msumbufu kuliko wote ni baba yangu mzazi. Huleta suruali, huitupa juu ya meza, husema "inaburuza," kisha hukaa kwenye kiti cha wateja na kunisimamia utadhani namwibia uzi. Nilikunja inchi mbili, nikapiga pasi, nikamrudishia. Sikufikiri zaidi ya hapo. Mtu akizeeka hupungua, nani asiyejua?

Baba alifanya kazi miaka thelathini na moja katika kambi ya jeshi iliyokuwa ufukweni, ng'ambo ya barabara kubwa. Hakuwa askari. Alikuwa fundi bomba, raia pekee aliyeruhusiwa kuingia kila kona ya kambi ile. Zaidi ya hapo hatukujua kitu. Alikuwa amekula kiapo, na baba akila kiapo amekula. Ukimuuliza ameshindaje, anajibu, "Kazini." Ukimuuliza kazini kuna nini, anajibu, "Kazi." Mama alikuwa akiwaambia majirani kwamba yeye hakuolewa na mwanamume, aliolewa na geti.

Tulichojua ni kwamba alikuwa na mwendo wa ajabu. Kila jioni alitandaza kamba yenye mafundo yaliyoachana mbali kando ya njia mbele ya nyumba yetu, akatembea juu yake, kila hatua fundo moja, kwenda na kurudi, midomo ikihesabu bila sauti. Hakutuambia ni ya nini. Mimi nilikuwa mtoto, nikaona ni mchezo, nikawa namfuata nyuma. Kadiri miguu ilivyorefuka ndivyo nilivyomkaribia, mpaka nilipofika miaka kumi na sita nikawa nakanyaga fundo lile lile analokanyaga yeye. Mama alikuwa anashika kichwa. "Jamani, huyu mtoto wa kike anapiga gwaride! Nani atamchukua?" Shuleni waliniita Ngongoti, kama wale wacheza ngoma wa miguu ya miti. Aliyenichukua alipatikana, ingawa kwa kuchelewa, na mpaka leo wateja husikia vishindo vyangu kabla hawajaniona. Sitadanganya, nimeichukia miguu hii zaidi ya nusu ya maisha yangu.

Sasa mama hayupo, na baba anaishi peke yake katika nyumba ile ile. Mwaka huu alianza kutupa wasiwasi. Aliacha jiko likiwaka akaenda kulala. Aliniita kwa jina la mama mara mbili mfululizo. Kisha siku moja alitoka kununua sabuni, akarudishwa na muuza duka kwa sababu alikuwa amesimama njia panda hajui ashike ipi. Kaka yangu akasema yatosha. Kaka ana roho nzuri, ila ana sauti ya mkutanoni. Akisema jambo unahisi limeshapitishwa. Alisafiri kutoka mji anaofanyia kazi ya ofisini, akafika Ijumaa, akachukua funguo za nyumba kutoka msumarini akazitia mfukoni mwake. Jumapili angeondoka na baba, na nyumba ingefungwa.

"Akili imechoka," aliniambia jikoni. "Tukubali tu, dada."

Nami nilikuwa nimeshaanza kukubali. Hilo ndilo lililoniuma. Baba aliomba jambo moja tu: tumwachie nyumba yake. Sisi tukamjibu kwa maneno matamu, yale ya kumpaka mtu mafuta kwa mgongo wa chupa, na akajua.

Jumamosi asubuhi nikasema twende tukatembee kidogo, daktari ameagiza. Kambi ile ilifungwa zamani, na sasa ni mwaka wa tatu tangu iwe bustani ya umma. Kila nilipomwambia baba twende, alikataa: "Raia hawaruhusiwi." Safari hii alivaa suruali niliyoipunguza, akachana nywele zake chache, akashika fimbo. Nadhani alikuwa anaaga.

Getini akasimama. Akaingiza mkono mfuko wa ndani, akatoa kitambulisho chake cha kazi, karatasi ya manjano iliyokatika pembe, akamkabidhi mlinzi. Mlinzi alikuwa mama wa makamo, na geti lenyewe lilikuwa wazi, watu wanapita na watoto na mipira. Kaka akanikanyaga mguu. "Unaona?" akanong'ona. Niliona. Lakini yule mama, Mungu ambariki, hakucheka. Alikisoma kitambulisho mbele na nyuma, akamtazama baba, akatazama picha, akakaza uso, akamrudishia. "Pita, mzee. Karibu kazini." Baba akaitikia kwa kichwa, akapita.

Ndani ni pazuri, lazima niseme. Mizinga mitatu mikubwa bado imeelekea baharini, ila midomo yake imezibwa na watoto wanaipanda kama punda. Ghala la risasi limekuwa chumba cha kusomea. Mahandaki yamepandwa maua. Jiko la askari limegeuzwa kibanda cha vinywaji, na kwenye ukuta wake bado zipo pete za chuma walizofungia mitungi. Baba alitazama kila kitu, akagusa pete moja kwa ncha ya fimbo.

Nyuma ya kibanda tukakuta mashimo. Nilihesabu saba, yamezungushiwa utepe, na jirani yake vyoo vilivyofungwa kwa kufuli na miche ya miti iliyokauka kwenye mifuko yake. Mwanamke mmoja aliyevaa buti za mpira alikuwa akibishana na mchimbaji. Alikuwa msimamizi wa bustani. Nikamuuliza kulikoni, akanieleza kama mtu aliyekwisha kueleza mara mia. Bomba limepasuka upande wa chini. Upande huo hauwezi kutengwa mpaka ifungwe koki yake, na koki hiyo haijulikani ilipo, imefukiwa, ramani hakuna. Wiki ya tatu sasa wamefunga maji yote kutoka barabarani, na bustani nzima haina hata tone. Wiki ijayo ataamriwa kufunga geti.

"Mnachimba chumbani kwa jirani," baba alisema.

Sote tukageuka.

"Shikamoo, mzee," msimamizi akasema. "Unajua ilipo?"

"Marahaba. Mkuu wa hapa ni nani?"

"Ni mimi."

"Hakuna aliye juu yako?"

"Humu ndani, hakuna."

"Basi niamuru," baba akasema. "Niliapa sitasema mpaka mkuu wa hapa aniamuru."

Kaka akakohoa. Msimamizi akatutazama sisi, akamtazama baba, kisha akasimama wima ndani ya buti zake. "Mzee, nakuamuru uonyeshe koki."

Ndipo baba akafungua mdomo, na mimi kwa mara ya kwanza maishani nikasikia alikuwa akifanya nini miaka yote ile. Wakubwa waliogopa kwamba adui akiingia akajua pa kukatia maji, kambi itakufa kwa kiu. Basi koki zikafukiwa, ramani ikachomwa, na mahali pake pakawekwa kichwani mwa mtu mmoja kwa hesabu ya hatua. Ile kamba yenye mafundo ilikuwa ya kuilinda hatua yake isibadilike.

Akaegemeza kisigino kwenye pembe ya ukuta wa jiko, akaelekea nguzo ya zamani ya bendera. "Hatua sitini na nne," akasema, akaanza kutembea, fimbo ikigonga, akihesabu kwa sauti. Watu wakasogea kutazama. Alipofika sitini na nne akachoma fimbo ardhini. "Hapa. Kina cha mkono."

Mchimbaji akachimba kina cha mkono. Akachimba mpaka magotini, mpaka kiunoni. Akapanua kulia, akapanua kushoto. Mchanga, mizizi, kisha mchanga. Watu wakaanza kuondoka mmoja mmoja. Msimamizi alisema, "Si neno, mzee, ni zamani sana," kwa upole ambao uliumiza kuliko tusi.

Baba alitazama lile shimo. Sijapata kumwona vile, hata siku tulipomzika mama. "Basi labda nimesahau," akasema. Kisha akamgeukia kaka. "Twende tu, mwanangu. Nitakwenda nawe."

Kaka akamshika mkono kwa huruma ya kweli, naye machozi yalikuwa yamemlengalenga. Mimi nilishindwa kumtazama baba usoni, nikatazama chini, na chini kulikuwa na pindo la suruali yake. Mshono wangu mwenyewe. Inchi mbili wiki hii, inchi moja na nusu mwanzoni mwa mwaka. Nikatazama nyayo zake mchangani tangu ukutani: fupi fupi, kisigino cha hapa kikikaribia kidole cha pale. Mtu aliyekuwa akiruka mtaro bila kuutazama!

"Subirini," nikasema. "Baba, hesabu ni ngapi?"

"Sitini na nne."

"Una hakika?"

Akanikazia macho. "Hesabu nina hakika nayo. Ninayemtilia shaka ni mimi."

Nikavua viatu, nikampa kaka avishike. Alivishika kama mtu aliyepewa samaki. Nikaegemeza kisigino kwenye pembe ya ukuta, nikatazama nguzo ya bendera, na nikatembea mwendo wangu, ule ule uliomnyima mama usingizi. Sikuwaza kamba. Miguu yenyewe ilikuwa na mafundo yake. Nilifika penye shimo la baba nikiwa sijafika hata arobaini, nikalizunguka, nikaendelea. Hamsini. Sitini. Sitini na nne ikaniweka mbele ya benchi, karibu mita ishirini kutoka pale alipochoma fimbo.

"Ondoeni benchi," nikasema.

Koleo la ishirini liligonga chuma.

Kilikuwa kifuniko cha duara chenye pete, kina cha mkono kama alivyosema. Chini yake kulikuwa na koki kubwa nyekundu, bado ina grisi. Mchimbaji akaingiza mikono, akalishika gurudumu lake, na baba akapaza sauti kutoka kule alikokuwa, sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu nilipokuwa mdogo: "Usizungushe kulia! Utaivunja! Hiyo inafungwa kinyume, kushoto, mizunguko tisa, ya tisa ni nusu!" Mchimbaji akazungusha kushoto. Akahesabu. Ya tisa ikagoma katikati.

Msimamizi akapiga simu, maji yakafunguliwa kutoka barabarani, na baada ya muda bomba la kunawia la upande wa juu, karibu na mizinga, likatema kutu, likapiga chafya, likatoa maji safi. Waliokuwa wameondoka wakarudi. Mtoto mmoja akaweka kichwa chake chote chini ya maji, na mama yake hakumkataza. Msimamizi alimshika baba mikono yote miwili. Alisema asante mpaka akaishiwa maneno, akaanza upya. Baba akamwambia hajamaliza. Akarudi ukutani, akatembea tena na fimbo yake mpaka kwenye kifuniko, akihesabu. "Andika mahali," akamwagiza. "Sitini na nne kwa mwenye miguu. Mia moja na nne kwa mzee."

Mimi nilikaa kwenye benchi lililohamishwa, peku, nikalia. Niliishukuru miguu yangu, kitu ambacho sikuwahi kukifanya. Nilimshukuru mama kwa kunikaripia bila kunizuia. Nilimshukuru baba kwa jioni zote zile alizoniacha nimfuate bila kugeuka kuniambia nirudi ndani.

Getini baba alimpa yule mama mlinzi kitambulisho chake, na safari hii hakusubiri arudishiwe. "Nimemaliza zamu," akasema. Yule mama akakipokea kwa mikono miwili.

Kaka alikuwa bado na viatu vyangu. Akanipa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akatoa funguo za nyumba, akaziweka kwenye kiganja cha baba bila neno lolote. Kwa mtu mwenye sauti ya mkutanoni, hiyo ilikuwa hotuba.

Baba akazitazama zile funguo. Akazigeuza huku na huku.

"Za nani hizi?" akauliza.

Kaka alinitazama, mimi nikamtazama kaka. Kila tulichokuwa tumekipata asubuhi ile kikaanza kuniponyoka. Baba akatuacha hivyo, akatutazama mmoja baada ya mwingine, mpaka shavu lake likaanza kucheza.

"Jamani, hamtaniwi!" akasema, akacheka mpaka akaegemea fimbo. "Hata kile kitambulisho. Miaka kumi na tano nimestaafu, nisijue kimekwisha? Nilitaka kuona kama mlinzi wa siku hizi ana adabu. Lakini jiko nililisahau kweli. Hilo sikutania. Mtanikumbusha."

"Tutakukumbusha," kaka akasema.

Baba akazitia funguo mfukoni, akashika njia ya nyumbani mbele yetu. Nikamfikia, nikatembea kando yake, na nikazipunguza hatua zangu mpaka zikalingana na zake.