Mpiga Pasi wa Temeke na Dereva Aliyeokoka

Temeke hakujapambazuka sawasawa, na Kokushubila amekwisha kupepea makaa yake mpaka yamekuwa mekundu. Anayatia katika pasi moja moja, anafunga kifuniko, analowesha ncha ya kidole na kugusa chuma. Kinatoa mlio mdogo. Kimeshika moto vya kutosha.

Kazi ya leo ni ya kanisa: kitambaa cheupe cha meza ya Bwana, kilichotiwa wanga tangu jana.

"Shati la karani nikilikosea, atanung'unika na mambo yataisha," anasema bila kuinua uso. "Hiki nikikikosea hakuna atakayesema neno, ila mie nitakitazama ibada nzima."

Miongoni mwa watakaopiga magoti mbele ya kitambaa hicho Jumapili ni Leonardi, mtu aliyemuua mumewe.

Kokushubila alitoka Bukoba akimfuata mume huyo, Gozbert, fundi mwashi. Waliishi vizuri. Jioni moja Gozbert alikuwa akirudi kwa baiskeli kutoka Kiwalani, alikokuwa anajenga, lori likamgonga na kumwacha kando ya barabara. Dereva hakusimama. Alikamatwa kesho yake, pombe ingali ikimnukia, na mahakamani akasema alidhani amegonga mbuzi.

"Neno hilo ndilo lililonikaa," anasema Kokushubila. "Kufa, sote tutakufa. Lakini mbuzi?"

Leonardi alifungwa. Kokushubila alibaki na binti yake, Jovina, akaanza kufua na kupiga pasi nguo za makarani na walimu. Mwezi mzuri anapata shilingi zisizofika hamsini. Mwezi wa mvua, nguo zinapogoma kukauka, anapata nusu yake.

Mwaka jana, katikati ya ibada, mwanamume mmoja mrefu alisimama upande wa wanaume. Alikuwa amekonda, na Kokushubila hakumtambua mpaka aliposema. Alisema yeye ni Leonardi, muuaji wa Gozbert, kwamba alihubiriwa gerezani akaamini, na kwamba damu ya Yesu imemsafisha.

Watu waliimba haleluya. Kokushubila alimshika Jovina mkono wakatoka nje.

"Alisema vizuri mno," anakumbuka. "Kama mtu aliyefanya mazoezi."

Jirani yake, Bi Wahiba, mke wa Hashil mwenye duka, alikuja siku ile ile kuchukua kanzu za mumewe akamkuta amekaa tu, pasi imepoa.

"Kwani si wewe unayeniambia kila siku Mungu wenu anawapenda wenye dhambi?" Bi Wahiba alimuuliza.

"Nakuambia."

"Basi huyu si mmoja wao?"

"Kama kweli ametubu."

"Kwetu sie, haki ya mja haisameheki mpaka mwenye haki yake asamehe. Amekuja kwako kukuomba?"

"Hajaja."

"Basi mtazame vizuri, Mama Jovina," alisema Bi Wahiba, akachukua kanzu zake.

Akawa anamtazama. Na haukupita muda akasikia kwamba misheni imenunua lori la kubebea mbao na chokaa za kanisa jipya, na inatafuta dereva aliye muumini. Moyoni mwake jambo likawa limeeleweka. Alikwenda kwa mwinjilisti wa mtaa, Revelian, ambaye waumini humwita Mwalimu.

"Mwalimu, makanisa mjini yamejaa. Huyu kafuata nini hapa kwetu kama si lori?"

"Mama Jovina, Yesu aliwafia wenye dhambi wakiwa bado na dhambi zao," Revelian alimjibu. "Hakungoja wasafike kwanza."

"Hilo naliamini, nimeliimba tangu utoto. Yesu sina swali naye. Swali langu ni kwa Leonardi."

Ndipo Revelian akamwambia kwamba Leonardi ameomba kupokelewa kwenye meza ya Bwana, na wazee wa kanisa hawataamua mpaka wamsikie yeye.

Maneno hayo yalimlemea. Akaona kwamba kabla ya kusema lolote, lazima amjue mtu huyo anakwenda wapi akitoka kanisani. Aliulizia huku na huku, na njia ikampeleka kwenye kilabu cha pombe cha mwanamke aitwaye Anjelina. Wanakwaya wenzake wawili walimwona akiingia. Hakujali.

"Leonardi hufika hapa?"

"Kila Jumamosi," alijibu Anjelina. "Hukaa kwenye benchi lile."

Kokushubila anasema alisikia furaha kifuani, furaha mbaya. "Nilishampata. Nilitaka kwenda mbio kwa Mwalimu."

Lakini Anjelina alikuwa hajamaliza. "Hanywi. Hununua karanga, anakaa na madereva, jioni anaondoka. Kwa nini, mie sijui. Muulize mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata alimngoja kwenye benchi lile lile. Leonardi alipotokea, ametapakaa vumbi la mawe aliyokuwa akivunja kwa kibarua, alisimama kama mtu aliyeona askari.

"Habari za kutwa, mama."

"Nzuri. Mlokole anafuata nini kilabuni?"

Leonardi aliketi mbali kidogo. "Watu wanaozungumza na mie wako hapa," alisema. "Kanisani wananishika mkono. Ibada ikiisha, hakuna anayeniambia twende tukanywe chai."

"Na lori?"

Hapo Kokushubila alijua atakana, na jibu la kumfunga mdomo alikuwa nalo tayari.

"Nalitaka," alisema Leonardi. "Sijui kazi nyingine. Lakini habari zake nilizisikia nimeshakuja."

"Mbona kwangu hukuja?"

"Niliogopa. Kusimama mbele ya watu wote kulikuwa rahisi kuliko kubisha mlango wako."

Ndani, madereva walikuwa wakicheka. Kokushubila akauliza lile alilolibeba miaka yote.

"Na yule mbuzi?"

Leonardi alijifuta uso kwa kiganja, vumbi likageuka matope. "Nilijua ni mtu," alisema. "Niliiona baiskeli. Niliona shati lake jeupe. Mahakama niliidanganya, na kanisani sikulisema. Nilidhani nikisema jumla inatosha."

Kokushubila aliinuka akaondoka bila kuaga. Shati lile alilipiga pasi yeye mwenyewe.

Siku mbili hakuwasha makaa. Nguo za watu zilirundikana, Jovina akawa anapokea lawama mlangoni. Anasema alimchukia Leonardi kuliko siku ya mazishi. Na bado kulikuwa na kitu kingine, ambacho anakitafutia maneno kwa shida.

"Ile ya kanisani ilikuwa hotuba. Hii ya kilabuni ilikuwa toba. Niliisikia kwa masikio yangu, na sikuipenda, kwa sababu sasa nilikuwa sina pa kumkamatia."

Wazee walipomwita, alisimama mbele yao akasema aliyokuwa ameyapanga. Meza ni ya Bwana, yeye hufua kitambaa chake tu. Kama Bwana anampenda Leonardi, yeye hana mlango wa kumfungia. Ila lile alilolificha, Leonardi aliseme mbele ya kanisa. Na lori wasimpe.

Mzee mmoja alimuuliza inakuwaje mtu asamehe nusu.

"Mungu ampende anavyotaka," Kokushubila alimjibu. "Usukani ni jambo lingine."

Ikawa hivyo. Leonardi alisimama tena Jumapili, na safari hii hakuna aliyeimba haleluya. Baadhi walitoka nje. Kokushubila alibaki ameketi. Leo Leonardi ni taniboi wa lori lile lile alilolitamani: anapakia mbao, anashusha chokaa, na dereva ni mtu mwingine. Jovina hajamjibu salamu yake hata mara moja, na mama yake hamlazimishi.

Baada ya Pasaka wazee wanataka kulizungumza tena suala la usukani, na wamemwambia Kokushubila watahitaji neno lake. Hajui atasema nini. Kwanza ana safari ya Bukoba, kwa mama mzazi wa Gozbert, ambaye mpaka leo anaamini dereva hakujua kwamba amegonga mtu. Anataka mkwe wake ausikie ukweli kutoka kwake, si kwa wapita njia.

Na ana jambo jingine analolitumaini, ambalo analisema huku akitabasamu kidogo kwa aibu. Wakati wa sala, watu wote wanapofumba macho, yeye hufumbua jicho moja kumchungulia Leonardi, aone kama anasali kweli au anaigiza. Mwezi uliopita alichungulia, akakuta Leonardi naye amefumbua macho, anamtazama yeye, kwa hofu, kama anayengoja aone iwapo atainuka na kutoka.

"Tulitazamana," anasema, "kisha tukafumba kwa haraka, kila mtu na lake. Nataka siku moja tusali mpaka amina, bila hata mmoja wetu kuchungulia."