Jumapili Baba Aliposali Kikonzo

Baba yangu alikuwa katekista wa kikanisa cha udongo kwenye vilima vya juu ya Bwera, mpakani na Kongo. Sisi ni Wakonzo, lakini miaka ile ya sitini tulitawaliwa na machifu wa ufalme wa Toro, na lugha ya Toro ndiyo iliyotumika shuleni, barazani na kanisani. Nyanya yangu aliitikia "Amina" maisha yake yote bila kujua ameombewa nini.

Kisha Wakonzo wenzetu wa mlimani wakatangaza kwamba wamejitenga na Toro, wana serikali yao. Baba hakupanda kuungana nao. Ila Jumapili moja alifunga kitabu, akaanza Baba Yetu kwa Kikonzo. Nyanya ndiye aliyeanza kumfuatisha, neno kwa neno, machozi yakimtiririka.

Tulipotoka, karani wa chifu alikuwa anatungoja njiani.

"Katekista, nasikia umebadilisha sala."

"Mungu ni yule yule," baba akajibu.

"Mungu, ndiyo. Na chifu je?" Akacheka peke yake, akaondoka.

Tangu siku hiyo majirani wakawa wanatusalimia kwa mbali. Asubuhi tuliona moshi vijiji vya juu, na hapakuwa na mtu aliyeuliza ni nyumba ya nani inayoungua. Mama alifunga sufuria kwenye shuka, akazifungua apike, akazifunga tena.

Askari wa serikali walifika mchana mmoja, tukianika kahawa. Mkubwa wao alisimama juu ya mkeka, viatu vyake vikiponda buni.

"Wewe iko mutu ya mulima?"

"Hapana, afande. Mimi ni katekista."

"Nasali kwa luga gani?"

Baba angeweza kudanganya, mimi nilimwombea adanganye.

"Kwa lugha ya mama yangu, afande."

"Panda gari!"

Alipanda bila kusukumwa. Mama alikimbia nyuma ya lori mpaka vumbi likammeza.

Jumapili iliyofuata kanisa lilifungwa. Watu wengi wa vilima vyetu walikimbilia Kongo. Sisi tulibaki, kwa sababu nyanya alikataa kutoka. "Mwanangu akirudi, amkute nani?" alisema. Nyanya alikufa kabla baba hajarudi.

Baba alirudi msimu wa mvua, akitembea kwa miguu kutoka Kasese. Sikio lake moja halikusikia tena. Hakutueleza walimfanya nini, na hakuongoza sala tena, ingawa padre alikuja kumbembeleza mara kwa mara.

Katikati ya miaka ya sabini, serikali mpya ya kijeshi ilitupatia wilaya yetu wenyewe. Bwera nzima ilicheza ngoma barabarani. Nilikimbia nyumbani kumwambia, nikiwa na mtoto mgongoni.

"Baba, tumepewa! Sasa tunajitawala!"

Aligeuza sikio lake zima. "Nani ametoa?"

"Rais mwenyewe. Yule mwanajeshi. Redio imesema."

Aliwatazama wachezaji kule chini.

"Waambie wasikae barabarani, malori ya askari hupita hapo," alisema, kisha akaingia ndani, akafunga dirisha.