Nyaya Mbili Mbele ya Mzee Ntabaye

Nakumbuka Jumapili moja kule kijijini kwetu Kagerankanda, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hata leo nikiwa njiani husimama kidogo. Umeniuliza uunganishe deki yako na amplifaya kwa waya gani: ule mwembamba unaopitisha mwanga, au ule wa shaba uliovikwa wavu, mnaouita koaksia. Jibu ninalo, na ni fupi. Lakini nivumilie kwanza, maana swali la nyaya mbili liliwahi kunionyesha jambo ambalo, katika kuhamahama kwangu kote, sijaona la kunishtua kuliko hilo.

Ilikuwa miaka ya sabini, watu wametoka kuhamishiwa vijijini, kuta za nyumba bado zinanuka udongo mbichi. Mimi nilikuwa kijana wa sekondari, nimerudi likizo. Mzee Ntabaye alikuwa kaka yake babu yangu, nasi sote tulimwita Babu. Ndiye aliyeamua kesi za pale kwetu: mipaka, mahari, mbuzi walioingia kwenye maharage ya watu. Alisikiliza amefumba macho, kidevu juu ya fimbo, na akishasema, imekwisha. Mtu akimuuliza habari za mvua, naye akajibu habari za ng'ombe, tuliambiana kwamba wazee husema kwa mafumbo, tukakaa kuyafumbua.

Wiki ile alikuwa ameamua kesi ya Mama Yustina, mjane, aliyegombea shamba la migomba na shemeji yake Gwasa. Gwasa alisema kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Mama Yustina alisema kama ilivyompasa mwanamke mbele ya wazee enzi zile: amepiga magoti, macho chini, kiganja karibu na mdomo, maneno yanatoka kama maji ya mtungi ulioinamishwa kidogo tu. Babu akatikisa kichwa, akatikisa tena, kisha akasema shamba ni la Gwasa. Mama Yustina akate mikungu iliyokomaa, achukue watoto, aondoke. Tulishangaa, maana wengi wetu tulimwona akiipanda ile migomba kwa mikono yake. Tulishangaa, tukanyamaza. Mnyonge hana haki, mwanangu, hasa pale wenye midomo wanapoamua kuifunga.

Sasa Jumapili hiyo binamu yangu Bukuru, aliyekuwa kibarua wa reli Kigoma, alikuja na mashine ya santuri, amplifaya, spika kubwa kama kabati, na betri ya gari ya kuviendesha. Watu walijaa uani kwa Babu. Kutoka santuri kwenda kwenye amplifaya alikuwa na nyaya mbili za kuchagua, mmoja wa kawaida, mwingine umevikwa wavu wa shaba kama hii koaksia yako. Hapo ndipo ubishi ulipoanza, kati yake na Mwalimu Shayo, aliyeletwa kwetu kutoka Moshi kufundisha.

"Huu wenye wavu ndio waya," alisema Bukuru. "Sauti inapita ndani imevaa koti, haipigwi na baridi."

"Koti la nini? Wavu ni wa kuzuia ngurumo za umeme wa nyumba. Hapa umeme uko wapi? Umeuziwa maneno, Bukuru."

"Mwalimu, wewe umezoea kengele ya shule. Muziki utaujulia wapi?"

Watu wakacheka, na sauti ikatoka nyuma: "Wapelekeni kwa Babu! Si ndiye mwamuzi?"

Ego, yaani ndiyo, wote wakakubali, apelekewe Babu. Wakamkalisha kwenye kiti chake, mgongo kwa mashine, asije akaona waya upi umechomekwa. Bukuru atabadilisha nyaya, Mwalimu atamgusa bega kila unapoingia mwingine, na mwisho Babu atasema upi una sauti safi. Wakati huo huo Mama Yustina aliingia, akasimama kando ya ua. Alikuja kuomba aongezewe siku, kwa kuwa mikungu mingi ilikuwa bado michanga. Lakini kwetu mchezo wa wakubwa haukatizwi, akasubiri.

Waya wa kwanza ukaingia, spika ikapiga hadi kuku wakaruka. Mwalimu akamgusa Babu begani. Babu akatikisa kichwa. Ukaingia wa pili. Mimi, kusema kweli, sikusikia tofauti yoyote. Babu akatikisa kichwa vilevile. "Rudieni," akasema.

Bukuru akachomoa waya. Ncha yake ilikuwa imechakaa, akaanza kuiparuza kwa meno. Spika ikawa kimya, sahani inazunguka bure. Mwalimu hakuangalia, alikuwa anawanyamazisha watoto, na mkono wake ukaangukia bega la Babu kabla ya wakati.

Babu akainua fimbo juu.

"Huu!" akasema, uso umechangamka. "Huu ndio. Hauna mkwaruzo hata mmoja!"

Mwanangu, niliusikia ule ukimya. Bukuru alikuwa ameshika waya mdomoni, macho yamemtoka. Kisha mtu mmoja akapasuka kwa kicheko, "Mawe, mama yangu! Babu kasikia ngoma za mbinguni!" na ua wote ukacheka. Babu akageuka, akatuona tunacheka, naye akacheka pamoja nasi, akidhani tunamsifu. Hapo kicheko kilinikauka.

"Babu," alisema Mama Yustina.

Hakugeuka.

"Babu," akasema tena, kwa nguvu kidogo. Watu wakaanza kumtazama yeye.

Akatoka pale kando, akaja hadi katikati ya ua, akasimama wima. Na sauti iliyotoka, sijui alikuwa ameificha wapi miaka yote ile: "Babu Ntabaye!"

Babu akashtuka, akamtazama.

"Kumbe maneno yangu hukuyasikia!" akapaza. "Siku ile yote, hukuyasikia!"

Mwanamke kumpigia mzee kelele uani kwake! Mtu mmoja akamshika mkono amtoe. Babu akasema, "Mwache." Akalaza fimbo magotini. Kisha akamwita, akaonyesha sikio lake la kulia.

"Weka mdomo hapa. Sema yote. Usishushe sauti, mwanangu, mimi si kaburi."

Akasema yote, tukasikia wote: nani alifyeka pori lile, nani alipanda, nani walikuwepo mumewe alipomkabidhi. Gwasa alikuwepo, akaruka kutaka kujibu. Babu akamwinulia kiganja.

"Wewe nilikusikia. Siku ile nilikusikia wewe tu."

Kisha akawaita wale waliotajwa, mmoja mmoja, wakasemea sikioni mwake, kila mmoja akathibitisha. Shamba likarudi kwa Mama Yustina kabla jua halijainama. Nilidhani yameisha. Babu akatugeukia sisi vijana.

"Tangu lini mnajua kwamba sisikii?"

Mwalimu ndiye aliyejikaza, akainama hadi sikioni kwake. "Babu, tulikuwa tunakuheshimu."

"Mliniheshimu. Mimi nilificha kwa aibu, nyinyi mkanifichia kwa adabu, na mama huyu alikuwa anafunga mizigo. Hiyo heshima yenu mmeilipia kwa shamba la nani? Tafuteni mwingine wa kuwasikilizia. Na huyo naye, siku akianza kujibu msilomuuliza, mwambieni."

Mwanangu, tulilelewa kwa neno kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hakuna aliyetufundisha la kufanya pale mkuu mwenyewe asiposikia. Na mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu kilichoumbua kilikuwa santuri.

Sasa nyaya zako. Kama spika zako zinanguruma jenereta inapowaka, chukua ule wa mwanga, haubebi ngurumo za umeme. Ila usiukunje, hukatika ndani usione. Kama unapita mahali watu wanakanyaga, chukua wa shaba, ni mvumilivu. Mengine ni ubishi wa Bukuru na Mwalimu, sikio lako halitajua. Lakini nyumbani kwako, sauti isipofika kwa mtu, usikimbilie kulaumu waya. Msogelee. Muulize amesikia nini. Akiwa ni mkubwa wako, mwambie kwa upole, ila mwambie, maana kuna mtu nyuma yenu anayesema kwa sauti ndogo, na yeye ndiye anayelipia kimya chenu.

Imana akulinde, ndivyo sisi Waha tumwitavyo Mungu. Akujalie sikio linalomfikia hata anayenong'ona. Na siku litakapochoka, kwa kuwa litachoka, akuweke kati ya watu wanaokupenda kiasi cha kukwambia.