Unga wa Magoti

Uso wangu ulipoanza kunona nilifurahi. Kwetu Kibugu, bibi wa umri wangu akiwa na mashavu, watu wanajua watoto wake wanamtunza. Kanisani walinisifu. Sikuwaambia ni unga wa mitishamba niliokuwa nikinunua sokoni kwa ajili ya magoti, kijiko kimoja ndani ya uji kila asubuhi. Magoti yalinyamaza, nikachuma majani chai kama msichana.

Mjukuu wangu anasomea chembe za mwili chuoni, huko Nchiru. Mimi niliishia darasa la tatu, lakini yeye ametoka kwangu, na hilo nalisema popote. Alipokuja likizo hakunisifu. Alinishika shavu, akatazama mikono yangu iliyojaa alama nyeusi, akauliza ninakula nini. Nikamwonyesha unga. Akasema huenda umechanganywa na dawa kali ya hospitali, inayofanana na homoni ambayo mwili hujipikia.

Sisi tukiambiwa kitu ni sumu hatungoji. Niliumwaga wote chooni kabla hajamaliza. Akanyong'onyea.

“Cucu,” akaniita, yaani bibi kwa lugha yetu, “hiyo haiachwi mara moja.”

“Sumu haiagwi,” nikamwambia.

Akanieleza kwa mfano wa lori la majani chai, linalopiga honi likija kubeba mavuno. Juu ya figo kuna chembe, na kila moja ina mlango unaosikiliza honi kutoka kichwani. Honi ikilia, nyuzi za ndani, zinazoishikilia chembe kama fito za nyumba, hubadili mkao, mafuta yakapita hadi kiwandani yapikwe kuwa homoni. Kwangu mimi, alisema, unga uliinyamazisha honi miezi mingi, chembe zikalala, na sasa mwili haujipikii tena. Akataka twende hospitali. Nikakataa, majani yalikuwa yamekomaa.

Siku ya tatu, katikati ya michai, miguu iliisha nguvu. Sikuumwa popote, na hilo ndilo lililonitisha. Nilijisikia kama nyumba inayong'olewa fito moja moja. Kikapu kikanilalia mgongoni. Nilimsikia mjukuu akiniita, mbali kabisa.

Hospitali walinirudishia dawa ya aina ile ile niliyomwaga. Sasa nameza vidonge, na vinapunguzwa kidogo kidogo. Nilimuuliza mjukuu kama zile chembe zitaamka. Kudanganya hajui; sikumfunza.

“Za wengine huamka, cucu. Za wengine hazisikii tena.”

Uso umekonda. Kanisani wananiuliza kama watoto wamenitupa. Kila asubuhi, kabla ya kidonge, nakaa kitandani nikisikiliza kama chembe zimeamka. Yanayojibu ni magoti tu.