Nani Anamaliza Mafuta Yangu?

Hasira bado ninayo, na nusu yake ni ya kujikasirikia mwenyewe. Nyumbani hapa Singida wananijua kama kijana wa kiume. Mimi najijua ni mwanamke, na kwa siri nimeanza kubadilika. Kila asubuhi na jioni napaka krimu ya kupunguza kasi ya ndevu kuota. Kwa ujanja wangu wa kijinga nikaihamishia kwenye kopo la mafuta ya kawaida, nikaliacha bafuni wasinishuku.

Baba mdogo akaja kutoka Sepuka kuuza alizeti. Krimu ikaanza kupungua kama inalambwa! Jana, tukiwa tunakula ugali, nikalipuka: "Nani anamaliza mafuta yangu? Hamna adabu nyie!"

"Ni mimi, mwanangu," baba mdogo akajibu kwa upole. "Mgeni akioga si anapaka yaliyopo? Nazipaka na ndevu zing'ae."

Hapo ningenyamaza tu. Mdomo ukaniponza: "Hayo ni ya kuzuia ndevu zisiote!"

Baba mdogo akazishika ndevu zake kwa mikono miwili. Mama hakumtazama yeye. Alikuwa anakitazama kidevu changu.